Ujenzi umesimama: tafuta chanzo kabla ya kununua tena au kumfukuza fundi

Nyumba zetu nyingi zinajengwa kwa vipande. Msingi mwaka huu, boma mwakani, kupaua pesa ikipatikana. Kwa ujenzi wa namna hii kazi kusimama ni jambo la kawaida na halipaswi kumtisha mtu. Hasara inakuja pale mwenye nyumba anapotibu ugonjwa usiokuwepo: anakimbilia kununua mifuko mia ya saruji kumbe fundi ana saiti nyingine Kigamboni, au anamfukuza fundi mwaminifu kumbe lori la kokoto limekwama kwenye tope siku ya tatu sasa.

Nimepanga maelezo haya kwa dalili, yaani kile unachokiona au unachoambiwa kwa simu. Bei sizitaji, maana zinabadilika kila wiki na kila mkoa. Vipimo nimevitaja, kwa sababu havibadiliki.

Kabla ya yote: daftari la saiti

Kazi inasimama kwa kukosa kimoja kati ya vitu vitano: vifaa, watu, pesa, ruhusa au hali nzuri ya hewa. Simu kutoka saiti karibu kila mara itasema "vifaa vimeisha", kwa kuwa hilo ndilo jibu jepesi na halimlaumu mtu. Ukweli utaupata kwenye daftari. Kila jioni iandikwe tarehe, kilichoingia, kilichotumika, mafundi na saidia wangapi walikuwepo, kazi iliyofanyika na kama mvua ilinyesha. Mistari mitano tu. Ukisoma kurasa za wiki mbili utaona mwenyewe: kama saruji ipo, mchanga upo, lakini mafundi wamekuwa wawili badala ya watano, basi tatizo ni watu, na lori jingine la mchanga halitalitatua.

Jambo la pili ni kujua kifaa chako kinatoka wapi. Nondo, bati, vigae, nyaya na vifaa vya maji vinategemea sana malighafi au bidhaa kutoka nje, kwa hiyo vinafuata dola na meli. Mwaka 2023 dola ilipoadimika Tanzania wafanyabiashara wengi walihangaika kuagiza mzigo. Mchanga, kokoto, kifusi na mbao vinafuata barabara na mvua. Saruji inafuata viwanda vyetu wenyewe. Uhaba wa aina ya kwanza unaweza kudumu miezi, wa pili huisha jua likiwaka, wa tatu mara nyingi ni wa wiki chache. Ukijua uko kwenye uhaba upi, utajua kama inafaa kusubiri au kutafuta njia nyingine.

Dalili: "Saruji hakuna, na ikipatikana bei imepaa"

Hii si hadithi. Novemba 2020 saruji iliadimika sehemu nyingi za Tanzania na bei ikapanda ghafla, hadi serikali ikaingilia kati. Mtambo wa kiwanda kimoja kikubwa ukizimwa kwa matengenezo, mzigo wa viwanda vingine unagombaniwa, na mikoa iliyo mbali ndiyo inaumia kwanza.

Pima ukubwa wa tatizo kwa simu chache. Piga kwa mawakala wa chapa tofauti, na angalau mmoja awe wilaya nyingine. Ikikosekana chapa moja tu, tatizo liko kiwandani kwao. Hamia chapa nyingine. Ikikosekana zote, ni soko. Ikikosekana kwa muuza duka wako peke yake, yeye ndiye aliyeishiwa mtaji au anaficha mzigo akisubiri bei ipande.

Kubadili chapa hakuna madhara. Usibadili daraja. Kwenye mfuko pameandikwa 32.5 au 42.5, na namba hiyo ndiyo nguvu ya saruji baada ya siku 28. Ya 32.5 inafaa kujengea tofali na kupiga plasta. Kama mhandisi ameandika 42.5 kwa nguzo, bimu (mihimili ya zege) na slabu (sakafu ya zege ya ghorofa), usimwekee 32.5 kwa sababu ndiyo iliyopatikana. Muulize kwanza.

Dawa mbaya kuliko zote ni kunyoosha saruji, yaani kuongeza karai la mchanga na la kokoto ili mifuko iliyopo itoshe. Haitaonekana leo. Itaonekana lenta, yaani mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha, likipasuka. Uwiano wa zege la kawaida ni 1:2:4, na kupima kwa koleo ndiko kunakouharibu, maana koleo la mchanga mbichi na koleo la kokoto havilingani hata siku moja. Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kitako, lenye ndani urefu wa sentimita 40, upana 35 na kimo 25. Hilo ni lita 35, ujazo wa karibu mfuko mmoja wa kilo 50. Mfuko mmoja wa saruji, masanduku mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Fundi anayekataa sanduku ananitia wasiwasi kuliko fundi anayechelewa.

Wengine hujihami kwa kununua saruji nyingi mapema. Ni sawa ikiwa una stoo kavu na utaitumia ndani ya miezi mitatu. Baada ya hapo, hata kwenye stoo nzuri, saruji inaweza kuwa imepoteza karibu sehemu moja kati ya tano ya nguvu yake. Kwenye banda linalovuja inakufa mapema zaidi. Ipange juu ya mbao zilizoinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni, iwe mbali na ukuta kwa sentimita 30, isizidi mifuko kumi kwenda juu, na ifunikwe kwa nailoni. Iliyoingia kwanza itoke kwanza. Ukikuta mabonge yanayovunjika kwa vidole, bado inafaa kwa kazi ndogo. Mabonge yanayohitaji nyundo hayachekechwi ili yapate kutumika. Hiyo saruji imeshakuwa jiwe.

Dalili: "Nondo za saizi uliyoandika hazipo"

Hapa panatokea makosa mawili: mtu anasimamisha kazi mwezi mzima bila sababu, au anakubali saizi ndogo idadi ileile. Chuma kinabadilishwa kwa eneo la uso wake pale kinapokatwa, na hesabu yake ni rahisi. Nondo ya milimita 16 ina milimita za mraba 201. Ya 12 ina 113. Ya 10 ina 78.5. Kwa hiyo badala ya moja ya 16, mbili za 12 zinatosha na kubaki. Badala ya mbili za 12, weka tatu za 10. Mpigie mhandisi umwambie hesabu yako naye akubali, kwa kuwa kuna mahali nondo nyingi zikibanana kokoto hazipiti na zege linaacha mapango. Lakini usikubali kamwe "tuweke za 10 nne zilezile badala ya za 12 nne".

Uhaba pia ndio msimu wa nondo pungufu. Chukua mzani. Nondo kamili yenye urefu wa mita 12 inapaswa kuwa na uzito wa karibu kilo 4.7 kwa ya milimita 8, kilo 7.4 kwa ya 10, kilo 10.7 kwa ya 12, na kilo 19 kwa ya 16. Ukipima "12" ukakuta kilo 9, umeuziwa nondo ya 11: karibu sehemu moja kati ya sita ya chuma haipo. Pima na urefu pia kwa futi kamba, kwani zipo zinazokatwa zisifike mita 12. Unapopima, pima kadhaa kutoka katikati ya mzigo. Ile ya juu ndiyo muuzaji anayotaka uipime.

Dalili: "Vifaa vinaisha kabla ya hesabu"

Hii ndiyo dalili inayovunja ndoa na undugu, kwa sababu wazo la kwanza ni wizi. Wizi upo. Lakini zipo sababu nyingine tatu zinazokula vifaa vingi, na zinapimika. Zipime hizo kwanza.

Ya kwanza ni unene. Chukua jamvi, yaani sakafu ya zege, la nyumba ya mita 10 kwa 12, unene sentimita 10. Hilo ni zege mita za ujazo 12. Kwa uwiano wa 1:2:4 kila mita ya ujazo inakula saruji mifuko sita na ushei, kwa hiyo jumla ni mifuko 75 hadi 80, mchanga karibu mita za ujazo 6 na kokoto 11 hadi 12. Sasa kama kifusi hakikusawazishwa na jamvi likatoka na unene wa sentimita 13, zege limekuwa mita za ujazo 15.6. Sentimita tatu hizo zimemeza mifuko zaidi ya 20. Hakuna aliyeiba, imelala chini ya sakafu. Ndiyo maana siku moja ya kushindilia na kuvuta kamba kabla ya kumwaga ina faida kuliko mlinzi wa usiku. Ukitaka kuhakiki baada ya kazi, chungulia kimo cha jamvi pembezoni, au pale mabomba yanapopita.

Ya pili ni "tripu". Tripu si kipimo. Panda juu ya lori kabla halijamwaga, pima ndani ya bodi: urefu mara upana mara kimo cha mzigo. Bodi ya mita 4 kwa 2.2 iliyojaa hadi sentimita 80 ina mita za ujazo 7. Ikiwa mchanga umeishia sentimita 15 chini ya hapo, umepoteza mita za ujazo 1.3 kwenye safari moja. Isitoshe, mchanga wenye unyevu kidogo huvimba. Unaweza kuchukua nafasi robo zaidi ya ukiwa mkavu. Kwa hiyo lori lililojaa mchanga wa asubuhi wenye umande halina mchanga mwingi kama linavyoonekana. Elewaneni na dereva juu ya kipimo kabla hajatoka machimboni, maana akishafika saiti na injini inanguruma mabishano huwa yake.

Ya tatu ni upotevu halali: tofali zinazovunjika, udongo wa plasta unaodondoka, vipande vya nondo, mbao zilizokatwa vibaya. Ongeza asilimia tano hadi kumi kwenye kila hesabu tangu mwanzo. Tofali za kawaida za urefu wa inchi 18 na kimo inchi 9 zinahitajika kama kumi kwa kila mita ya mraba ya ukuta ukishahesabu na zinazovunjika. Ukuta wa mita 10 kwa kimo cha mita 3 ni tofali 300, ukiondoa milango na madirisha. Mwenye nyumba anayeijua hesabu hii hamwiti fundi mwizi bila sababu, na fundi naye anajua kwamba anaangaliwa.

Ukishapima hayo matatu na bado pengo lipo, basi ni wizi au uuzaji wa mlango wa nyuma. Tiba yake ni kuingiza vifaa vya siku tatu nne tu kwa wakati mmoja, mtu mmoja ashike ufunguo wa stoo, na mifuko mitupu ihesabiwe jioni. Mifuko mitupu kumi na miwili mahali pa ishirini inaongea yenyewe.

Dalili: tofali zimepatikana haraka mno

Wakati wa msimu wa ujenzi wafyatuaji hawakidhi mahitaji, na tofali zinauzwa zikiwa na siku mbili. Mfuko mmoja wa saruji unatoa tofali nzuri za inchi sita kama 30 hadi 35. Wapo wanaovuta hadi 50. Kwenye tofali hesabu haionekani, kwa hiyo tumia mkono: kwaruza kwa msumari, ukiingia kama kwenye udongo rudisha mzigo. Gonganisha mbili, zitoe mlio mkali. Dondosha chache kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ya kawaida. Nzuri inapona, mbovu inasambaratika. Tofali inahitaji kumwagiliwa maji siku saba angalau na kupumzika wiki nyingine moja kabla ya kujengewa.

Kama kiwanja kina maji na nafasi, ushauri wangu ni ufyatue mwenyewe wakati kazi nyingine imesimama. Pesa ndogo ndogo zinazoingia kila mwezi zinageuka tofali ambazo hazipandi bei tena, na tofali iliyokaa inazidi kukomaa. Saruji ikikaa inaoza. Hilo ndilo jibu kwa wanaoniuliza wanunue nini mapema.

Dalili: zege limeisha katikati ya lenta au slabu

Simu inakuja saa tisa alasiri: saruji imebaki mifuko miwili, lenta bado ina mita nane. Hapa una muda mchache, kwa sababu kwenye joto la pwani zege linaanza kushika ndani ya saa moja hivi. Kama mzigo uko nusu saa kutoka hapo, endeleeni taratibu, lakini zege msiliongezee maji ili "lisikauke". Maji ya ziada yanaua nguvu.

Kama mzigo hauji leo, chagueni mahali pa kusimama, msiachie bahati. Kwenye lenta, malizeni juu ya mlango au dirisha mlilokwisha kulianza, kisha msimamie katikati ya ukuta mzima. Kamwe msikatize juu ya uwazi. Fungeni ubao wima pale mwisho ili zege likatike wima. Likiachwa liteleze kama mteremko wa mchanga, ile ncha nyembamba ndiyo inayokuja kumeguka. Nondo ziendelee kupita. Kesho yake toeni ubao, kwangueni utando laini wa juu hadi kokoto zionekane, osheni, lowesheni, pakeni uji mzito wa saruji, na hapohapo mwendelee kumwaga. Kwenye slabu na bimu za ghorofa msiamue wenyewe. Mhandisi aseme.

Kinga yake ni agizo moja: siku ya zege haianzi hadi vifaa vyote vya siku hiyo viwe vimefika na kuhesabiwa, pamoja na maji. Maji yanasahaulika sana. Nguzo, lenta na slabu zisianzwe kwa ahadi ya "lori liko njiani".

Dalili: fundi haonekani

Uliza pesa imelipwaje. Fundi aliyelipwa zaidi ya kazi aliyofanya hana haraka ya kurudi. Fundi anayedai hana nauli ya kurudi. Yote mawili yanafanana kwa simu: "kesho nakuja bosi". Chukua daftari, linganisha malipo na hatua iliyofikiwa, utajua ni kipi.

Gawanya ufundi kwa hatua zinazoonekana kwa macho: kuchimba na kumwaga zege la chini, kuta za msingi, jamvi, kuta hadi lenta, lenta yenyewe, kozi (mistari ya tofali) za juu, kupaua, plasta. Kila hatua ina bei yake, inalipwa ikikaguliwa, na kipande kidogo kinabaki hadi hatua inayofuata ianze. Andikeni kwenye karatasi, wote wawili msaini, na shahidi awepo. Wengi hufanya hivi kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na inasaidia sana mkija kukosana. Msimu wa kilimo, Idi na Krismasi mafundi wengi huondoka. Liulizeni hilo mapema na mlipange, msilibebe kama usaliti.

Pia jiulize kwa haki: fundi alipokuja mara mbili akakuta hakuna mchanga, ulimlipa siku zile? Fundi ana watoto. Ukimpotezea siku atajaza siku zake kwingine, na ni haki yake.

Dalili: mvua

Pwani na kaskazini kuna masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Dodoma, Iringa, Mbeya na mikoa mingi ya kati na kusini ina msimu mmoja, Novemba hadi Aprili. Msingi uanze mvua zikiisha, kupaua kumalizike kabla hazijaanza. Mkigeuza ratiba hiyo mtapigana na maji mwaka mzima.

Kokoto na mchanga vinunuliwe kabla ya barabara kuharibika, na mchanga uzungushiwe kozi mbili za tofali zisizo na udongo ili usisombwe. Mtaro wa msingi uliojaa maji hautoshi kukaushwa tu; tope laini la chini likwanguliwe hadi ardhi ngumu, la sivyo mnajenga juu ya uji. Zege likinyeshewa ndani ya saa chache za kwanza lifunikwe kwa nailoni mara moja, na kama uso umeoshwa hadi kokoto zimebaki tupu, aitwe mhandisi kabla ya kupandisha chochote juu yake.

Uhaba wa mchanga una jaribu lake: mtu anakuletea wa ufukweni kwa bei nzuri. Ukatae. Chumvi inakula nondo kutoka ndani na inatoa ukungu mweupe kwenye plasta usioisha, na uchimbaji wenyewe unakula fukwe zetu. Zanzibar mchanga umekuwa rasilimali adimu kiasi kwamba uchimbaji wake unadhibitiwa na serikali, hivyo ukijenga Unguja weka muda wa kuupata kwenye ratiba tangu mwanzo. Mchanga wa mtoni nao upime tope: jaza nusu chupa ya plastiki, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tabaka la tope juu ya mchanga likizidi kama sehemu moja kati ya kumi na mbili ya kimo cha mchanga, unahitaji kuoshwa au kurudishwa.

Dalili: alama ya X nyekundu ukutani

Simamisha kazi siku hiyohiyo. Nenda halmashauri, idara inayohusika na ardhi na mipango miji, ukiwa na nyaraka za kiwanja, michoro na kibali cha ujenzi. Kama kibali hukuwa nacho, omba sasa. Kuendelea usiku na mwishoni mwa wiki kunafanya kosa dogo kuwa kubwa. Nakala ya kibali ikae saiti muda wote.

Dalili: pesa imekata

Itakata. Kwa hiyo kabla ya kuanza hatua yoyote, hakikisha una pesa ya kuifikisha mahali salama pa kusimama. Hapo ndipo tofauti ya nyumba inayosubiri na nyumba inayokufa.

Mahali salama ni patatu. Msingi uliokamilika na jamvi lake, na maji ya mvua yakiwa yameelekezwa mbali. Kuta zilizofungwa lenta, juu zikiwa zimefunikwa. Na nyumba iliyopauliwa, hata kama haina mlango.

Mahali pabaya ni pengi: mtaro wazi unaobomoka kila mvua, kuta ndefu zisizo na lenta, kuta za pembetatu za juu zilizosimama peke yake zikingoja kenchi (fremu za mbao za paa), kuta ambazo upepo mmoja unaziangusha, na kenchi zilizofungwa bila bati, mbao zikipindana juani na kuloa usiku. Ukiona pesa inatosha kenchi lakini haitoshi bati, usianze kenchi. Mbao zisinunuliwe. Zitakuja kupinda uwanjani.

Bati nazo: namba ya geji ikiwa kubwa, bati ni jembamba. Geji 30 ni jepesi kuliko 28. Pesa ikibana muuzaji atakuambia 32 "ni ileile tu". Si ileile. Bora usubiri.

Dalili: uko mbali, picha zinakuja, nyumba haipandi

Walio Muscat, Doha, London au Minneapolis wanalijua hili. Pesa inapita kwa ndugu, na kuuliza kunaonekana kama kumdharau. Tenganisha kazi mbili: ndugu asimamie, lakini vifaa vilipwe moja kwa moja dukani, na duka litoe risiti ya mashine yenye tarehe. Omba video isiyokatwa, inayoanzia barabarani na kuzunguka nyumba, na futi kamba iwekwe kwenye ukuta. Picha ya pembe moja inaweza kuwa ya mwezi uliopita. Mlipe mhandisi au fundi mchundo mwingine asiye wa familia aende mara moja kila hatua inapoisha. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na ukuta unaobomolewa, na ndugu yako pia analindwa: hakuna atakayemsingizia.

Vigae na rangi

Kwa ufupi: nunua vigae vyote kwa mkupuo, namba ya toleo kwenye maboksi iwe moja, na asilimia kumi ya ziada. Rangi ya kuchanganywa vilevile. Ukirudi dukani baada ya miezi mitatu utapata "ileile" ambayo ukutani si ileile.

Kazi inaporudi baada ya kusimama muda mrefu

Usiendelee pale mlipoishia kana kwamba ni jana. Nondo zilizochomoza kwenye nguzo zikaguliwe: kutu nyekundu laini inayotoka kwa brashi ya waya haina shida, lakini ikibanduka kwa magamba, pima unene wa nondo baada ya kusugua. Ikiwa imepungua, mhandisi aamue namna ya kuunganisha nyingine. Wakati mwingine mkijua kazi itasimama, zipakeni uji wa saruji na kuzifunga nailoni kabla ya kuondoka.

Kozi ya juu ya ukuta usiofunikwa mara nyingi imelegea. Zigongeni tofali moja moja na kuziondoa zinazocheza. Pima kuta kwa timazi upya, kwani msingi unaweza kuwa umezama upande mmoja. Nyufa zilizopo zichoreeni penseli kwenye ncha zake na tarehe, msubiri wiki kadhaa muone kama zinatembea kabla ya kuziziba. Miti na magugu yaliyoota kando ya msingi yang'olewe na mizizi. Mbao zilizokaa nje zipangwe upya, zilizopinda ziende kwenye jukwaa la kujengea. Na saruji iliyobaki stoo tangu mwaka jana isiguse zege tena. Itumike kusawazisha njia ya kuingilia malori.